Tiba ya mapema ya moyo unaotetema: Nani wa Bagamoyo atafika mapema?

KWA miaka mingi mgonjwa ambaye moyo wake unapiga bila mpangilio alianzishiwa vidonge. Vikishindwa, alibadilishiwa vingine, na hivyo navyo vikishindwa ndipo daktari alipoanza kuzungumzia kupitisha waya mwembamba hadi ndani ya moyo na kuunguza sehemu inayoleta vurugu. Utaratibu huo sasa umegeuzwa. Novemba 2023 vyama vya wataalamu wa moyo vya Marekani vilitoa mwongozo unaoiweka tiba hiyo ya kuunguza, ijulikanayo kama ablesheni, kuwa miongoni mwa tiba za kuanzia kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu. Agosti 2024 chama cha wataalamu wa moyo cha Ulaya nacho kikaipa nafasi hiyo hiyo kwa wagonjwa ambao tatizo lao huja na kuondoka.

Habari hizo zinaweza kuonekana kuwa za watu wa mbali. Hata hivyo, zinaigusa Tanzania kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Hospitali ya Taifa Muhimbili, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020 ina mtambo wa kuchora ramani ya umeme wa moyo kwa sura ya pande tatu, ambao ndio msingi wa tiba ya aina hii. Kutoka Bagamoyo mjini hadi Upanga ni kilomita zisizofika 80, lami mtindo mmoja. Mkazi wa Kaole, Mlingotini au Kerege leo yuko saa chache tu kutoka kwenye teknolojia ambayo zamani ingemlazimu kusubiri rufaa ya Serikali na kupanda ndege kwenda India.

Kwa hiyo umbali si hoja kubwa tena, ukiacha foleni ya Tegeta. Hoja iliyobaki ni neno lenyewe, "mapema", na nani katika ukanda huu wa pwani anaweza kufika hospitali wakati neno hilo bado lina maana.

Moyo una vyumba vinne. Katika hali ya kawaida cheche ya umeme huanzia sehemu moja, juu ya upande wa kulia, ikasambaa kwa utaratibu; vyumba viwili vya juu hujikunja kwanza, na viwili vya chini hufuata. Katika ugonjwa ambao madaktari huuita fibrilesheni ya atria, cheche huzuka sehemu nyingi kwa mkupuo. Vyumba vya juu huacha kupiga na kubaki vikitetema, mithili ya mnofu wa samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Mgonjwa huhisi moyo kwenda mbio, pumzi kukata akipanda ngazi, kizunguzungu, uchovu usioelezeka. Wengine hawahisi chochote, na hao ndio walio katika hatari ya kimya.

Hatari kubwa haimo katika mbio zenyewe. Chumba cha juu cha kushoto kina kijifuko pembeni, na damu isiposukumwa vizuri hutuama humo na kuganda. Bonge likichomoka husafiri na damu hadi kwenye ubongo, likaziba mshipa, na mtu akaamka asubuhi mkono na mguu wa upande mmoja havimtii. Mwenye fibrilesheni ana hatari ya kupata kiharusi inayokadiriwa kuwa mara 5 ya ile ya asiye nayo.

Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Michel Haïssaguerre, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 45. Walitafuta mahali hasa zinapozuka cheche za kwanza. Kati ya vyanzo 69 walivyovibaini, 65 vilikuwa ndani ya mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni kuingia kwenye moyo. Ugunduzi huo ulibadili kila kitu, kwa sababu adui aliyekuwa hajulikani alipo alionekana kuwa na makao.

Tangu hapo kazi ya mtaalamu ni kuyazingira makao hayo. Kupitia tundu dogo kwenye mshipa wa kinena, hupitisha katheta hadi chumba cha kulia cha moyo, akatoboa ukuta mwembamba unaotenganisha pande mbili, akafika kushoto. Hapo huunguza mduara kuzunguka mdomo wa kila mshipa kwa joto la mawimbi ya redio, au hutumia puto lenye baridi kali linalogandisha nyama ya mahali hapo. Katika miaka ya karibuni imeongezeka njia ya tatu, ya kutumia mapigo mafupi sana ya umeme, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha vifaa vyake vya kwanza mwishoni mwa mwaka 2023. Kovu linalobaki halipitishi umeme. Cheche zikizuka ndani ya mshipa, hufia humo.

Mbuzi wa Maastricht

Kwa nini basi haraka? Jibu lilianza kuonekana kwa mbuzi. Mwaka 1995 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walichapisha jaribio ambalo ndani yake mioyo ya mbuzi wazima wa afya ilifanywa itetemeke kwa umeme, na kila ilipotulia ikachokozwa tena. Mwanzoni mtetemo ulidumu sekunde chache na kuisha wenyewe. Kadiri siku zilivyopita ulizidi kurefuka, hadi katika mbuzi 10 kati ya 11 ukafikia hatua ya kuendelea kwa zaidi ya saa 24 bila kuchokozwa. Moyo unaotetema hujifunza kutetema. Nyama yake hutanuka, hujaa makovu, na kile kilichoweza kuzuiwa kwa kuzingira mishipa minne huenea chumba kizima.

Kwa binadamu ushahidi ulichelewa, lakini ulikuja. Nchini Kanada wagonjwa 303 ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa za kurekebisha mapigo kwa mfululizo waligawanywa kwa kura. Nusu wakafanyiwa ablesheni ya baridi, nusu wakapewa vidonge. Kila mmoja alipandikizwa kifaa kidogo kifuani cha kurekodi mapigo usiku na mchana, hivyo hapakuwa na nafasi ya kubahatisha. Baada ya mwaka mmoja vurugu ilikuwa imerudi kwa asilimia 42.9 ya waliofanyiwa ablesheni, dhidi ya asilimia 67.8 ya waliokunywa dawa. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa wameingia hatua ya mtetemo usiokatika walikuwa asilimia 1.9 katika kundi la kwanza na asilimia 7.4 katika kundi la pili.

Msomaji makini atagundua kwamba hata katika kundi lililofanikiwa zaidi, wanne katika kila kumi walipata tena vurugu ndani ya mwaka, ijapokuwa kwa wengi ilikuwa ya muda mfupi. Neno "kupona" linalosikika katika mazungumzo ya mitaani kuhusu tiba hii ni la kutumiwa kwa tahadhari.

Tahadhari ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliopewa jina la CABANA, wa wagonjwa 2,204, uliouliza swali ambalo ndugu wa mgonjwa huliuliza kwanza: je, tiba hii inazuia kifo na kiharusi? Kwa hesabu rasmi ya utafiti, tofauti kati ya ablesheni na dawa haikutosha kuthibitisha hivyo. Waliofanyiwa ablesheni waliishi vizuri zaidi, walichoka kidogo zaidi, lakini haikuweza kusemwa kwamba waliishi muda mrefu zaidi. Wenye moyo uliokwisha kudhoofika pamoja na fibrilesheni ni habari nyingine. Kwao utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kupungua kwa vifo na kwa kulazwa hospitali.

Kati ya tafiti zote hizo, ulio na ujumbe mzito zaidi kwa nchi kama Tanzania pengine ni ule wa Ulaya uliotolewa mwaka 2020, wa wagonjwa 2,789 waliogunduliwa ndani ya mwaka mmoja tu uliotangulia. Waliorekebishiwa mapigo mara moja, badala ya kungoja dalili zizidi, walipata vifo vya moyo, viharusi na kulazwa kwa kiwango cha 3.9 kwa kila watu 100 kwa mwaka, dhidi ya 5.0 kwa waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Jambo la kuzingatia ni kwamba wengi wao hawakufanyiwa ablesheni. Walipewa vidonge. Kilichowanufaisha ni wakati, na wakati hauuzwi pamoja na mtambo.

Kiharusi ndicho kinachobisha hodi kwanza

Katika ukanda wa Bagamoyo, na kwa kweli katika sehemu kubwa ya nchi, wagonjwa wengi wa fibrilesheni hugunduliwa wakiwa tayari wamepata kiharusi, au moyo umeshindwa kazi na miguu imevimba. Hapo ile miezi ya mwanzo imekwisha pita, mara nyingi ni miaka.

Takwimu za kiharusi zenyewe zinatisha. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika jiji la Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2010, ulipata viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Dar es Salaam ilikuwa 315.9, kiwango ambacho kilikuwa miongoni mwa vya juu duniani. Sababu kubwa ni shinikizo la damu lisilotibiwa, na shinikizo hilo hilo ndilo linalotanua vyumba vya moyo na kufungua njia ya fibrilesheni. Mji huo wa takwimu za juu umekuwa ukisogea kaskazini kila mwaka, kwa nyumba na kwa watu: Boko, Bunju, Mapinga, hadi Kerege.

Watafiti wa mradi huo huo walieleza pia, mwaka 2008, tofauti nyingine kati ya sehemu hizo mbili. Huko Hai watu wengi walikieleza kiharusi kwa sababu za kawaida na kukimbilia hospitali. Dar es Salaam wengi walikihusisha na mashetani na uchawi, na mganga wa jadi ndiye aliyeonwa kwanza. Asiyeijua pwani anaweza kucheka. Lakini ugonjwa unaomwangusha mtu ghafla, akiwa mzima jana yake, bila jeraha wala homa, unajieleza kwa urahisi sana kwa lugha ya upepo mbaya. Na moyo unaokwenda mbio usiku kisha ukatulia asubuhi, kabla ya kufika zahanati, unafanana mno na kitu kilichokuja na kuondoka kwa hiari yake. Hakuna aliyewaeleza watu hao vinginevyo kwa lugha inayoeleweka.

Aidha, hata anayekwenda zahanati anaweza kurudi bila jibu. Fibrilesheni ya kuja na kuondoka huthibitishwa kwa kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, na kipimo hicho lazima kichukuliwe wakati vurugu ipo. Mashine za ECG si vifaa vya kawaida vya zahanati. Mgonjwa hupimwa presha, huambiwa iko juu kidogo, hupewa dawa na kwenda zake. Mashine nyingi za presha za kidijitali, tena, huweza kutoa vipimo visivyoaminika pale mapigo yanapokuwa ya ovyo.

Ipo njia ya kale isiyogharimu chochote: vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono kwa nusu dakika au dakika nzima. Mapigo yasiyofuata mpangilio wowote yanatosha kumpeleka mtu kwenye ECG. Miongozo ya Ulaya inashauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi washikwe mapigo kila wanapofika kwa daktari kwa sababu yoyote ile. Pwani, ambako shinikizo la damu huanza mapema na moyo hudhoofika mapema, umri huo pengine ni mkubwa mno. Katika utafiti wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, wastani wa umri ulikuwa miaka 55, na kiasi cha asilimia 16 walikuwa na fibrilesheni.

Bagamoyo si mji mgeni kwa sayansi ya aina hii. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo hapo kilishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kazi iliyohitaji kufuatilia watoto kijiji kwa kijiji, kwa miaka, bila kumpoteza mtu. Ujuzi wa kuwafuata watu majumbani upo mjini hapo tayari. Kuutumia kwa mioyo ya wazazi na mabibi wa watoto hao si ndoto.

Wagonjwa wa aina mbili

Wakati wataalamu wa Toronto au London wanapojadili ablesheni, wanamfikiria mtu wa namna fulani: wa makamo au mzee, mwenye shinikizo la damu au uzito mkubwa, vali zake nzima. Mtu huyo yupo Bagamoyo. Ni mstaafu aliyejenga Mapinga, au mfanyabiashara anayekwenda na kurudi mjini kila siku, mara nyingi mwenye bima. Kwake mwongozo mpya unafaa karibu kama ulivyoandikwa, na akifika JKCI mapema ana haki ya kuuliza kuhusu ablesheni bila kuonekana anataka anasa.

Wa pili hayumo kabisa katika tafiti hizo. Ni mwanamke wa miaka 30 au 40, ambaye utotoni aliugua koo, ikafuata homa ya baridi yabisi ambayo haikutibiwa kwa penisilini, ikamwachia vali ya moyo iliyokakamaa. Vali nyembamba huongeza shinikizo katika chumba cha juu, chumba hutanuka, fibrilesheni ikaingia. Katika daftari la kimataifa la wagonjwa wa fibrilesheni 15,400 kutoka nchi 47 waliofika vitengo vya dharura, waliokuwa na ugonjwa huu wa vali walikuwa asilimia 21.5 Afrika na asilimia 2.2 tu Amerika ya Kaskazini. Na baada ya mwaka mmoja, asilimia 20 ya wagonjwa wa Afrika walikuwa wamefariki dunia, mara mbili ya wenzao wa Amerika ya Kaskazini na Ulaya Magharibi.

Kumwunguza mwanamke huyu moyo wakati vali yake bado imebana ni kupoteza katheta, kwa kuwa kinachotanua chumba bado kipo. Kwake tiba ya kwanza ni vali, iwe kwa puto au kwa upasuaji, na dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa yenyewe ni warfarini ile ya zamani. Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, zaidi ya asilimia 70 wakiwa wanawake, ulitarajiwa na wengi kuonyesha kwamba kidonge kipya kisichohitaji vipimo kinaweza kuichukua nafasi hiyo. Ilikuwa kinyume. Waliokuwa kwenye dawa za kundi la warfarini walikufa kwa kiwango kidogo zaidi.

Warfarini ina masharti. Ikizidi mgonjwa hutoka damu, ikipungua huganda, na kipimo cha INR ndicho kinachoonyesha yuko wapi. Mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu huipunguza nguvu. Mgonjwa hakatazwi kuzila bali huelekezwa ale kwa kiasi kisichobadilika, ushauri ambao ni rahisi kuutoa Upanga kuliko kuufuata katika nyumba ambayo mboga ni ile iliyopatikana siku hiyo. Akishika mimba, dawa hiyo katika miezi mitatu ya kwanza inaweza kumdhuru mtoto, na lazima daktari ajue mapema.

Ni vema ifahamike kwamba hata yule wa Mapinga hatoki katika dawa hizi kwa sababu tu ameunguzwa. Baada ya ablesheni kila mgonjwa huendelea na dawa ya kuzuia damu kuganda kwa miezi miwili au zaidi, na mwenye hatari kubwa ya kiharusi huendelea nayo hata mapigo yakitulia, kwa kuwa uamuzi hufuata umri wake, presha yake na kisukari chake. Tiba yenyewe nayo ina madhara yake: moyo unaweza kutobolewa na damu ikaujaa mfuko wake, kiharusi kinaweza kutokea mezani, na kwa nadra sana umio hujeruhiwa. Madhara hayo ni machache zaidi mahali ambapo kazi hiyo inafanywa kila wiki, na hilo ndilo linaloipa JKCI sababu ya kutaka wagonjwa wengi zaidi wanaofaa.

Fedha ndipo mvutano ulipo. Katheta nyingi za ablesheni hununuliwa nje kwa fedha za kigeni na zimetengenezwa kutumika mara moja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inalazimisha swali la nini kilipiwe kwanza. Wapo watakaosema mtambo wa Upanga ni wa wachache. Si sahihi, nchi isiyojenga ujuzi huo hubaki ikilipia tiketi za ndege, na orodha ya wagonjwa hao ndiyo iliyokuwa ya wachache. Lakini mpango wa malipo unaomfikia mgonjwa kwa mara ya kwanza akiwa tayari mezani pa ablesheni umeruka hatua tatu: vidole juu ya mkono, karatasi ya ECG na kidonge cha presha kisichokatika. Zote tatu ni za zahanati na hospitali ya wilaya. Ndizo zinazomtoa mstaafu wa Mapinga nyumbani wakati moyo wake bado unatetema kwa saa na haujaanza kutetema kwa miezi.

Kwa mwanamke mwenye vali iliyokakamaa, suala la ablesheni huja baada ya vali kushughulikiwa, kama litakuja. Hadi siku hiyo anahitaji INR takriban kila mwezi akiwa ametulia, na mara nyingi zaidi asipotulia. Kila anapolazimika kuifuata mjini ni nauli ya basi kwenda na kurudi, siku nzima ya shamba au genge iliyopotea, na miezi ambayo ataamua kutokwenda.